Kukaa Katika Nchi ya Theluji

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za majira ya baridi katika nchi za kaskazini, na jinsi mtu aliyezaliwa katika nchi ya jua awezavyo kukaa huko akiwa mzima wa mwili na kufanya kazi yake ya kila siku. Huenda msomaji akauliza, Jambo hili latuhusu nini sisi, ambao baridi yetu kubwa ni ile ya mwezi wa Julai? Latuhusu kwa sababu siku hizi jamaa zetu wengi wamo huko. Wako waliokwenda kusoma, wako waliokwenda kutafuta kazi, na wako Wakongo wasemao Kiswahili, waliokaa miaka mingi katika makambi ya wakimbizi kama Nyarugusu na Kakuma, kisha wakahamishiwa Marekani, Kanada na nchi za Ulaya. Mtu wa namna hiyo hupanda ndege katika joto la digrii 30, na baada ya siku moja au mbili hushuka mahali ambapo maji yakimwagwa nje hugeuka kuwa barafu. Njiani hapana wa kumfundisha.

Nchi za baridi ni nyingi, nazo hazilingani. Kwa hiyo tumechagua mji mmoja tu, nao ni Winnipeg, mji mkuu wa jimbo la Manitoba katika Kanada. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba mji huo una watu karibu 750,000, wala hao si mashujaa. Ni makarani, waalimu, mafundi, akina mama wenye watoto wachanga na wazee watembeao kwa mkongojo. Wote hutoka nje wakati wa baridi na kurudi salama. Mtu akijua kukaa Winnipeg ataweza kukaa Oslo au Toronto bila hofu.

Mji huo uko katikati ya bara. Jina lake limetoka katika lugha ya Wakrii, wenyeji wa nchi ile, na maana yake ni maji ya matope. Ukiitazama ramani utaona jambo la kustaajabisha: Winnipeg iko kusini kidogo kuliko London, lakini London huona theluji kwa siku chache tu, na Winnipeg huwa nayo toka Novemba mpaka Machi au Aprili. Sababu yake ni bahari. Maji hupata joto polepole na kupoa polepole, basi nchi iliyo kando ya bahari hupokea joto lake wakati wa baridi. Watu wa Mombasa na Unguja, ambao usiku wao haupoi kama usiku wa Dodoma, walijua jambo hili kabla ya kuliona katika kitabu cha jiografia. Winnipeg haina jirani wa namna hiyo. Tena katika mwezi wa Desemba upande wa kaskazini wa dunia umeinama mbali na jua. Tarehe 21 ya mwezi huo jua la Winnipeg huchomoza karibu saa 2 na nusu asubuhi, na ifikapo saa 10 na nusu limekwisha kutua. Hata saa 6 mchana halipandi juu. Hukaa chini upande wa kusini, kama jua letu lilivyo saa 1 ya asubuhi.

Sasa tuseme baridi yenyewe ni kiasi gani. Maji huganda kwenye digrii 0. Sanduku la umeme la kugandisha samaki na nyama, ambalo wengi wetu tumeliona madukani, huwekwa katika digrii 18 chini ya sifuri. Mwezi wa Januari katika Winnipeg, ukichanganya usiku na mchana, ni karibu digrii 16 chini ya sifuri. Maana yake, mtu akifungua mlango wa nyumba yake hutoka nje na kuingia ndani ya sanduku la samaki! Ziko siku za digrii 30 chini ya sifuri, na tarehe 24 Desemba mwaka 1879 ilipimwa baridi ya digrii 47.8 chini ya sifuri. Zebaki, yaani ile madini ya maji iliyotumiwa zamani katika vipima joto, nayo huganda ipitapo karibu digrii 39 chini ya sifuri.

Hapo ndipo twataka msomaji ashike neno moja, maana mengine yote tutakayosema yametoka katika neno hilo. Watu husema, Baridi imeniingia. Kwa kweli baridi si kitu, wala haiingii. Kilichopo ni joto, nalo ndilo litokalo. Mwili wa mtu ni kama tanuru lenye joto la digrii 37, na chakula ndicho kuni zake. Joto hilo hutoka daima kwenda mahali palipo baridi, kama maji yatelemkavyo mlimani. Mtu akiwa nje bila nguo za kutosha joto hutoka upesi kuliko mwili uwezavyo kulitengeneza. Kwanza hutetemeka, ndiyo njia ya mwili kujipasha moto. Kisha, joto la ndani likipungua chini ya digrii 35, huanza kusema kama mlevi, mikono haishiki, akili hupotea, na kutetemeka hukoma. Kukoma huko ni dalili mbaya. Wengine wamefikiri kwamba mtu amepata nafuu, kumbe alikuwa akifa.

Blanketi, basi, halina joto lake lenyewe. Nguo, buti, ukuta na kioo cha dirisha ni walinzi wa joto la mtu, wala si zaidi. Kazi yao ni kulizuia lisitoke.

Mlinzi aliye bora kuliko wote ni hewa iliyotulia. Ndege akijikunyata na kuvimbisha manyoya yake wakati wa mvua, huiweka hewa katikati ya manyoya, nayo hewa hiyo huzuia joto lisipite. Ndiyo sababu nguo tatu nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine hushinda koti moja zito, maana katikati yake mna hewa. Watu wa Winnipeg huvaa kwanza nguo ya ndani iliyo karibu na ngozi, fulana ya mikono mirefu na suruali nyembamba. Juu yake sweta ya sufu au nguo nyingine yenye manyoya manyoya. Na mwisho koti refu lisilopitisha upepo, lenye kofia iliyoshonewa. Nguo ya ndani isiwe ya pamba. Neno hili huwashangaza watu wetu, kwa kuwa pamba ni nguo yetu nzuri ya siku zote. Lakini pamba hunywa jasho na kukaa nayo, na nguo yenye maji hutoa joto la mwili upesi mno. Sufu hata ikiwa na unyevu haiachi kulinda. Wako wanaolalamika kwamba sufu huwasha. Na waivae juu ya nguo nyingine nyembamba isiyo ya pamba.

Jasho ni adui kuliko wanavyodhani wageni. Mtu akivaa nguo nyingi, akaingia katika gari la abiria lenye joto, au akachukua sepeto na kuanza kuondoa theluji mlangoni, huloa jasho ndani ya nusu saa. Akisimama tena nje, jasho lile hupoa mwilini mwake. Kwa hiyo wenyeji hufungua koti mapema, kabla ya kutoka jasho, na mtu aanzapo kazi nje husikia ubaridi kidogo kwa makusudi, akijua kwamba kazi itamtia joto.

Wenyeji wa kaskazini kabisa mwa Kanada, yaani Wainuit, waliyajua haya kwa karne nyingi. Walishona nguo za ngozi za mnyama wa jamii ya kulungu aitwaye karibu (jina lake lafanana na neno letu la kumpokea mgeni, wala si hilo), nao walivaa nguo mbili: ya ndani ikielekeza manyoya kwenye mwili, na ya nje ikielekeza manyoya kwenye theluji. Nguo hizo zilikuwa pana, si za kubana. Mafundi wa viwanda vya leo hufuata kanuni zilezile.

Miguuni kosa la kawaida ni kuvaa soksi tatu katika kiatu kilichonunuliwa kwa soksi moja. Hapo mguu hubanwa, damu haipiti vema, na damu ndiyo ichukuayo joto kupeleka vidoleni. Soksi moja nene ya sufu katika buti lenye nafasi ni bora kuliko tatu katika buti la kubana. Buti lenyewe liwe na soli nene, maana joto hutoka pia kwa kugusa ardhi iliyoganda. Na mikononi, glavu zenye vidole vitano si nzuri kama zile zenye mfuko mmoja wa vidole vinne na mfuko wa gumba peke yake. Vidole vikikaa pamoja hupashana joto kama watoto walalao kitanda kimoja. Kofia ifunike masikio. Mwanamke mwenye mtandio wa kichwani asifikiri kwamba huo watosha. Auvae, na juu yake avae kofia ya sufu.

Tumesema habari za baridi bila kutaja upepo, na hilo ni kama kusema habari za moto bila kutaja majani makavu. Kila mtu huzungukwa na hewa kidogo aliyoipasha joto kwa mwili wake. Upepo huja kuipeperusha, na mwili hulazimika kuanza tena. Mwaka 1941 Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walipokuwa katika nchi ya barafu ya ncha ya kusini, walitundika chupa ndogo ya maji nje wakapima muda wa maji kuganda katika upepo wa nguvu mbalimbali. Hesabu zao zilichapishwa mwaka 1945, na mwaka 2001 Kanada na Marekani zilizisahihisha kwa kuwapima watu wenyewe wakitembea katika chumba chenye baridi na upepo. Tangu hapo utabiri wa hali ya hewa hutaja tarakimu mbili: baridi ya kipima joto, na baridi isikiwayo na ngozi kwa ajili ya upepo. Mathalan, ikiwa kipima joto chaonyesha digrii 25 chini ya sifuri na upepo wenda kilometa 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba ni digrii 39 chini ya sifuri. Yampasa mgeni asikilize tarakimu ya pili. Ikifikia 28 chini ya sifuri, ngozi ya uso yaweza kuganda kwa muda wa dakika 10 hata 30. Ikipita 40, dakika 5 hata 10. Katika shule nyingi za mji huo watoto huchezea nje kila siku wakati wa mapumziko, lakini tarakimu hiyo ikifika karibu 28 huzuiwa ndani.

Kuganda kwa ngozi ndiko kuliko na hatari kubwa kwa watu wetu, na twaomba hapa msomaji asome polepole. Mwili ukiona joto linapungua huhifadhi damu kwa ajili ya moyo na tumbo, na kuiacha mbali pua, masikio, mashavu, vidole vya mikono na vya miguu. Hivyo ndivyo vigandavyo kwanza. Mtu husikia maumivu kama ya kuchomwa sindano. Halafu maumivu hupotea, na mahali pale huingia ganzi. Vitabu vingi hueleza kwamba ngozi huwa nyekundu kisha nyeupe. Maelezo hayo yaliandikwa na watu weupe wakiwaandikia watu weupe. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani vema. Hugeuka rangi ya majivu au kijivujivu, ikang'aa kama nta, na ukiigusa ni ngumu na baridi. Basi mtu wetu asingojee kuona wekundu. Dalili yake ni ganzi. Kidole kilichokuwa kikiuma, kikinyamaza ghafula kikiwa bado nje katika baridi, huyo si rafiki aliyepona bali ni mtu aliyezimia.

Ikitokea hivyo, aingie ndani mara moja. Mikono itiwe kwapani. Kiungo kiwekwe katika maji ya vuguvugu, ya digrii 37 hata 39, na mtu mwingine ayajaribu maji kwa kiwiko chake, maana mwenye ganzi hawezi kujua kama yamuunguza. Kisisuguliwe, wala kisipakwe theluji kama watu wa zamani walivyofanya, wala kisiwekwe karibu na moto au tanuru. Na kama itampasa kutoka tena katika baridi kabla ya kufika kwa daktari, heri asikiyeyushe kwanza, kwa sababu kiungo kilichoyeyuka kikiganda mara ya pili huharibika kabisa. Malengelenge au ngozi ngumu ni kazi ya hospitali, si ya nyumbani. Wako watu waliokatwa vidole kwa sababu walingoja basi dakika 40 wakiwa wamevaa viatu vya kuendea ofisini.

Sasa tuingie nyumbani. Nyumba za Winnipeg zina ukuta wenye nafasi ndani iliyojazwa sufu ya kioo, na madirisha yenye vioo viwili au vitatu vilivyoachana kidogo. Msomaji atatambua tena ile hewa iliyotulia. Chini ya nyumba mna tanuru lichomalo gesi au lenye umeme, na ukutani pana kidude kidogo cha kuamuru joto. Mgeni hukigeuza mpaka digrii 28, kisha hesabu ya mwisho wa mwezi humfanya ashike kichwa. Digrii 20 zatosha, pamoja na sweta na soksi ndani ya nyumba. Viatu huachwa mlangoni, desturi ambayo kwa watu wa pwani si ngeni hata kidogo. Hewa ya ndani huwa kavu mno, midomo hupasuka na ngozi huwa na ukoga mweupe; mafuta mazito ya kujipaka, kama tupakavyo watoto wetu, ni dawa nzuri, nayo hupakwa mara baada ya kuoga.

Maji yakiganda huongezeka ukubwa, karibu sehemu 9 katika 100, na nguvu hiyo hupasua hata chuma. Kwa hiyo mabomba ya mji hufukiwa kwenda chini zaidi ya mita 2. Katika majira ya baridi ya mwaka 2014 ubaridi ulizama chini sana katika ardhi, mabomba ya mamia ya nyumba yakaganda, na watu wakakosa maji kwa siku nyingi, wengine wakipewa kwa mpira kutoka kwa jirani. Mtu akiondoka nyumbani wakati wa baridi asizime tanuru, hata kama ataka kupunguza gharama.

Na hapa tuna neno la kuonya, zito kuliko yote. Umeme ukikatika usiku wa Januari, au tanuru likiharibika, mtu aliyezaliwa kwetu hukumbuka jiko la makaa. Asilitie ndani! Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi, isiyo na harufu, wala haimfanyi mtu akohoe. Huingia katika damu na kuchukua mahali pa hewa njema, mtu akaona usingizi, akalala, asiamke. Nyumbani kwetu kuta zina nyufa na paa lina nafasi, na bado kule Njombe na Limuru watu wamekufa kwa kulala na jiko chumbani. Nyumba ya Winnipeg imezibwa kila tundu. Hiyo sumu haina pa kutokea. Jiko la gesi la kupikia nalo si la kuotea moto, na gari lisiachwe likinguruma katika banda lake. Katika nyumba nyingi huwekwa kidude cha kengele kiitambuacho hewa hiyo. Mgeni akipanga nyumba aulize kiko wapi. Umeme ukikatika, jamaa wote wakae chumba kimoja, wafunge milango, wavae nguo zote na kulala pamoja chini ya mablanketi. Na nyumba ikizidi kupoa, waende kwa jirani au mahali palipofunguliwa na serikali ya mji.

Njiani tatizo ni utelezi. Chumvi huyeyusha barafu barabarani, lakini baridi ikizidi nguvu yake hupungua, ndipo watu wa mji humwaga mchanga. Mtembeaji afuate mwendo wa bata: hatua fupi, mguu mzima ukikanyaga kwa pamoja, na mikono nje ya mifuko ili aweze kujishika akianguka. Watoto wafundishwe mapema wasilambe chuma. Jambo hili huonekana kama mzaha, lakini ulimi wenye maji ukigusa nguzo ya chuma iliyopoa huganda hapo hapo; na likitokea, mtoto asivutwe, bali amwagiwe maji ya vuguvugu.

Mito miwili ya mji, Mto Mwekundu na Assiniboine, huganda mpaka watu hutembea juu yake na watoto huteleza kwa viatu vya chuma. Ni furaha kubwa, lakini barafu si sawa pote. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kanada husema mtu mmoja apite juu ya barafu yenye unene usiopungua sentimita 15. Barafu safi yenye rangi ya samawati ni imara. Ile nyeupe ina nusu ya nguvu hiyo. Ya kijivu ina maji ndani yake, isikanyagwe. Mgeni aende pale tu palipowekwa alama na wenye mji.

Mwenye gari ataona waya umening'inia mbele ya magari ya watu wote, na atajiuliza kama nchi hiyo magari yote huenda kwa umeme. La. Mengi bado hutumia petroli, na waya huo hupasha injini joto usiku, kwa kuwa mafuta ya injini huwa mazito kama asali na betri hupoteza nguvu. Katika gari lazima pawe na blanketi, sepeto, taa, mshumaa na chakula kidogo. Likikwama njiani katika tufani ya theluji, abiria wasilitoke, maana wengi waliokufa walikufa wakitembea kutafuta msaada. Waondoe theluji kwenye bomba la moshi, wawashe injini kama dakika 10 katika kila saa, na dirisha moja liachwe wazi kidogo.

Mtoto mchanga afungwe katika kiti chake cha garini bila koti nene, kisha afunikwe blanketi juu ya mikanda. Koti nene huufanya mkanda uonekane umekaza, kumbe umelegea.

Habari za chakula ni fupi. Mwili unaochoma kuni nyingi hutaka kuni nyingi. Mtu ale vizuri, anywe maji hata kama hasikii kiu, na pombe asiihesabu kuwa dawa ya baridi. Pombe huleta damu kwenye ngozi, mtu akajisikia ana moto, na moto huo unamtoka. Tena jua la majira yale ni dhaifu, na ngozi nyeusi hutaka jua zaidi ili mwili utengeneze vitamini D iimarishayo mifupa. Kwa hiyo maziwa ya ng'ombe yauzwayo Kanada hutiwa vitamini hiyo kwa sheria, na watoto wachanga wanyonyeshwao hupewa matone. Mama asiyakatae akidhani ni dawa ya ugonjwa. Giza la miezi mitatu huwaletea wengine huzuni na usingizi mwingi. Watoke nje kila siku saa za mchana, hata nusu saa, wala wasione haya kumwambia daktari.

Matayarisho hayo yote hufanywa Septemba, wakati majani ya miti yanapogeuka rangi na asubuhi huonekana sakitu juu ya nyasi, kama ile ya Kitulo. Mtu anayesafiri hana haja ya kununua koti zito hapa kwetu. Avae sweta, viatu vya kufunika na soksi nene za safarini, na nguo za kweli atazipata huko, ambako yako maduka yauzayo nguo zilizokwisha kuvaliwa, ni mitumba ile ile ila haijasafiri. Koti aweza kulipata humo kwa bei ndogo. Buti, kama anazo fedha za kitu kimoja tu kipya, na ziwe ndizo.

Na sisi tuliobaki nyumbani tuna sehemu yetu. Kijana afikapo ugenini mwezi wa Oktoba, barua na simu huanza kumfuata: karo ya mdogo wake, mabati ya nyumba ya shangazi, mchango wa arusi. Naye kwa kuona haya hutuma, kisha huingia Novemba na viatu vya turubai. Tumngoje mpaka amekwisha kununua buti, koti na glavu, ndipo tumwombe.

Ifikapo Aprili theluji huyeyuka, barabara hujaa maji na mchanga, na barafu ya mtoni haiaminiki tena hata kama yaonekana nene. Nguo za sufu hufuliwa kwa maji ya baridi bila kukamuliwa kwa nguvu, hukaushwa zikiwa zimelazwa, hukunjwa na kufungiwa mbali na nondo. Buti hupakwa mafuta na kuwekwa juu ya kabati mpaka Septemba.